Uso Ulio Katika Shaba

Somo: Marko 12:13-17 na 41-44

Kabla hatujafungua Biblia, tunamwomba kila mmoja atie mkono mfukoni, na mama afungue kile kifundo cha leso, atoe sarafu moja aitazame. Atazame upande mmoja, kisha aigeuze. Kuna picha gani? Kuna maneno gani? Wengi wetu tumeshika fedha tangu utoto, lakini hatukuwahi kuisoma. Twaihesabu, twaifunga, twaipitisha kwa mwingine, basi.

Bwana wetu hakufanya hivyo. Siku ile Mafarisayo na Maherodi walipomjia Hekaluni na swali la mtego juu ya kodi, aliomba aletewe dinari. Hakuuliza ina thamani gani. Aliuliza picha iliyomo ni ya nani, na maandishi ni ya nani. Leo tutajaribu kufanya kama alivyofanya Yeye. Tutazichukua fedha za Warumi, hasa zile za shaba zilizokuwa mikononi mwa watu wadogo, tuzisome. Tutaona kwamba zilikuwa zinahubiri. Ndipo tutajiuliza ni mahubiri gani tunayoyabeba sisi.

FEDHA YA WATU WADOGO

Kwanza tuzielewe fedha zenyewe. Kaisari Augusto, yule tunayemsoma katika Luka 2, ndiye aliyezipanga upya, miaka kama 20 hivi kabla ya kuzaliwa kwa Kristo. Juu kabisa palikuwa na sarafu ya dhahabu, na moja ilitoshana na dinari 25. Dinari ilikuwa ya fedha, nayo ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku moja, kama tunavyoona katika mfano wa shamba la mizabibu, Mathayo 20.

Chini ya dinari zilikuja sarafu za shaba. Kubwa yao iliitwa sesterti, na 4 zilifanya dinari moja. Ilikuwa pana na nzito, gramu 25 hivi, ya shaba iliyochanganywa na zinki hata ikang'aa kimanjano kama dhahabu. Kisha ilikuwapo asi, ya shaba nyekundu, 16 kwa dinari moja. Ya mwisho ilikuwa kwadranti, robo ya asi, 64 kwa dinari moja.

Bwana alipotaja bei ya shomoro wawili katika Mathayo 10:29, kwa Kiyunani sarafu inayotajwa ni hiyo ya asi. Tena yule mjane wa Marko 12 alitia katika sanduku la hazina visarafu viwili vya Kiyahudi, navyo Marko anaeleza kwamba vilitoshana na kwadranti moja. Haya, tupige hesabu. Mama yule alitoa sehemu moja katika 64 ya ujira wa siku. Kibarua wa kwetu akilipwa shilingi 640 kwa siku, hizo zingekuwa shilingi 10 tu. Ndiyo fedha ya shaba. Matajiri walikuwa na dhahabu yao, askari walilipwa kwa dinari, lakini mkate, kuni, chumvi na shomoro vilinunuliwa kwa shaba.

Nazo zilitengenezwa kwa mkono. Fundi alichukua kipande cha shaba cha mviringo, akakipasha moto, akakiweka katikati ya mihuri miwili. Muhuri wa chini ulikuwa umekazwa katika kigogo, na wa juu aliushika yeye au mwenzake. Kisha nyundo ikashuka. Kwa pigo moja kipande kile kikapata uso upande mmoja na picha nyingine upande wa pili. Pigo likienda kombo, na uso ulienda kombo. Ndiyo sababu huwezi kukuta sarafu mbili za Kirumi zinazofanana kabisa.

MAHUBIRI YA KAISARI

Sasa fikirini, ndugu. Katika siku zile hapakuwa na gazeti wala redio. Mkulima wa Siria au mvuvi wa Misri hakutazamia kumwona Kaisari hata siku moja maishani mwake. Watu wengi hawakujua kusoma. Kaisari angefanyaje ili ajulikane kila kijiji? Alijiweka katika mikono ya watu. Kila aliyenunua mkate alikutana naye.

Upande mmoja ulikuwa na kichwa chake na jina lake na vyeo vyake. Upande wa pili ulikuwa na yale aliyotaka watu wayaamini. Mara utaona mwanamke ameshika tawi la mzeituni: huyo ni Amani. Mara mwanamke mwenye mizani: huyo ni Haki. Mara msichana ameinua pindo la vazi lake na kushika ua: huyo ni Tumaini. Warumi waliwahesabu hao kuwa miungu, wakawajengea mahekalu. Basi mtu aliyeshika shaba aliambiwa kwamba amani, haki na tumaini vyote vinatoka kwa yule aliye upande wa pili. Na katika nyingi za shaba hizo kulikuwa na herufi mbili kubwa, S na C, kuonyesha kwamba zimetolewa kwa shauri la Baraza la Wazee la Rumi.

Nero alitoa sarafu nzuri sana za shaba kati ya mwaka 64 na 67. Ndani yake kuna hekalu la mungu Yano, na milango yake imefungwa. Desturi ya Warumi ilikuwa kuifunga milango ile wakati ambapo hapakuwa na vita popote, na maandishi yake yanatangaza kwamba amani imepatikana barani na baharini. Lakini katika mwaka huo wa 64 mji wa Rumi uliteketea kwa moto, na Nero akawatupia Wakristo lawama. Mwandishi Tacitus, ambaye hakuwa rafiki wa Kanisa, ameeleza jinsi walivyovikwa ngozi za wanyama wakararuliwa na mbwa, na jinsi wengine walivyochomwa kuwa taa za usiku. Mjane Mkristo wa Rumi aliyempoteza mwanawe alikwenda sokoni na shaba ile ile, yenye amani ile ile, akanunua unga.

Tena yako makubwa zaidi. Augusto alipokufa mwaka 14, Baraza lilitangaza kwamba amekuwa mungu. Tiberio, aliyemfuata, alitoa sarafu za shaba zenye kichwa cha Augusto kikiwa na taji la miali kama jua, na maandishi yanamwita wa kimungu, tena baba. Na dinari ya Tiberio ilimtaja yeye mwenyewe kuwa mwana wa Augusto wa kimungu, na upande wa pili ikamtaja kuwa kuhani mkuu wa Rumi. Wataalamu wengi hufikiri kwamba dinari aliyoletewa Bwana wetu ilikuwa ya namna hii. Kama ndivyo, tazameni maajabu: kipande cha fedha kinachomtaja mwana wa mungu na kuhani mkuu kinashikwa mbele ya Mwana wa Mungu aliye Kuhani Mkuu wa kweli. Naye hakukitupa chini. Aliuliza swali tu.

SHABA KATIKA NCHI TAKATIFU

Wayahudi walikuwa na Amri ya Pili, nao waliishika. Wafalme wao wengi walipotoa fedha, hawakuweka uso wa mtu. Zile shaba ndogo za mfalme Aleksanda Yanayo, aliyetawala karibu miaka 100 kabla ya Kristo, zina nanga na nyota. Maliwali wa Kirumi waliotangulia Pilato waliliheshimu jambo hilo. Walitia mtende, au suke la shayiri, vitu ambavyo havikumwudhi mtu.

Pontio Pilato naye alitoa shaba zake katika miaka ya 29 hadi 31. Hata yeye hakuthubutu kuweka uso wa Kaisari. Lakini alitia kitu kingine. Katika moja kuna kata ndogo yenye mpini mrefu, ambayo makuhani wa Rumi walimimina nayo divai mbele ya miungu yao. Katika nyingine kuna fimbo iliyopinda kichwani, fimbo ya waaguzi wao waliotazama ndege angani ili wajue mapenzi ya miungu. Ni vyombo vya ibada ya kigeni, vimewekwa katika fedha ya nchi ya Ibrahimu. Ni vidogo, unaweza kupita bila kuviona, lakini vimo. Fedha hizo zilikuwa zinatembea Yerusalemu katika miaka ile ile Bwana wetu aliposulibiwa.

Na Hekalu lenyewe? Hapa tunaomba mtuvumilie, maana jambo hili linauma. Kodi ya Hekalu ililipwa kwa fedha ya Tiro. Ndiyo maana walikuwapo wale wenye kubadili fedha, ambao Bwana alizipindua meza zao. Na fedha ya Tiro ilikuwa na kichwa cha Melkarti, mungu wa watu wa Tiro, na upande wa pili tai. Kwa nini basi ilikubaliwa katika nyumba ya Mungu aliyekataza sanamu? Kwa sababu ilikuwa fedha safi, nzito, isiyodanganya kwenye mizani. Uzito wake ulilinyamazisha swali la picha yake.

Yerusalemu ulipoanguka mwaka 70, Kaisari Vespasian alitoa sesterti kubwa za shaba kuanzia mwaka 71. Ndani yake kuna mtende, na chini yake ameketi mwanamke ameshika tama, analia. Maandishi yanasema Uyahudi umetekwa. Fikirini Myahudi anapokea chenji yake sokoni, na katika chenji ile anamwona mama yake akilia. Si ajabu kwamba Wayahudi walipoasi tena mwaka 132 chini ya Bar Kokhba, walizikusanya fedha za Warumi, wakazipiga upya kwa mihuri yao. Juu ya uso wa Kaisari wakachapa Hekalu, au jani la mzabibu. Lakini kazi haikuwa safi kila mara, na katika nyingine ukitazama vizuri bado waona alama za uso wa Kaisari chini yake. Uasi ule ulizimwa mwaka 135.

MSALABA WA NJE TU

Labda mtu atasema, hayo yalikuwa ya wapagani, lakini mambo yalitengenezeka Kaisari alipokuwa Mkristo. Ndugu, tusiende mbio.

Constantine alishinda vita mwaka 312, naye alisema alishinda kwa ishara ya Kristo. Lakini sarafu zake za shaba ziliendelea kumtaja mungu Jua Asiyeshindwa kuwa mwenzake, mpaka kama mwaka 318. Yapata mwaka 327, huko Constantinople, ilitoka shaba yenye bendera ya mfalme, na juu yake zile herufi mbili za kwanza za jina la Kristo kwa Kiyunani. Mti wa bendera umemchoma nyoka. Ni sarafu adimu. Naye alipokufa mwaka 337, wanawe walitoa shaba zinazomwonyesha akipanda mbinguni katika gari la farasi wanne, na mkono unashuka kutoka juu kumpokea. Maandishi yanamwita wa kimungu, kama walivyoitwa makaisari wa kipagani kabla yake.

Kisha mwaka 350 akatokea jemadari mmoja, Magnentius. Alinyakua kiti, na Kaisari Constans, mwana wa Constantine, akauawa na watu wake. Huyu Magnentius alitoa sarafu kubwa za shaba, na upande wa pili uliojaa kabisa aliweka herufi za jina la Kristo, na kando yake Alfa na Omega. Hakuna Kaisari kabla yake aliyelichapa jina hilo kwa ukubwa ule katika shaba. Na mikono iliyolichapa ilikuwa na damu. Miaka 3 baadaye alishindwa, akajiua.

MAMBO MATATU YA KUFIKIRI

Wapenzi wasikilizaji, tujifunze nini hapa? Tutataja mambo matatu.

Jambo la kwanza: kila fedha ina mahubiri yake. Wazee wetu wanaikumbuka ile shilingi ya ukoloni yenye kichwa cha Mfalme wa Uingereza upande mmoja na simba upande wa pili. Kisha tangu 1966 tuliona uso wa Mzee Jomo Kenyatta, na tangu 1980 uso wa Rais Daniel arap Moi. Katiba yetu ya mwaka 2010 ilikataza picha ya mtu yeyote katika fedha za nchi, na Desemba 2018 zikatoka sarafu za twiga, kifaru, simba na ndovu. Ni jambo jema. Lakini je, swali la Bwana limekwisha kwa kuwa uso umeondoka? La. Fedha isiyo na uso bado yaweza kutuambia kwamba amani na tumaini vinatoka kwake. Kaisari akitoka katika sarafu, moyo wa mtu waweza kukiweka kitu kingine mahali pake.

Jambo la pili linalihusu Kanisa. Ni rahisi kuwacheka makuhani wa Yerusalemu na fedha yao ya Tiro. Nasi tuna ungamo letu. Katika usharika mmoja tuliouhudumia zamani tulifanya harambee ya kuezeka kanisa. Wakubwa waliketi mbele. Kila bahasha ilipotolewa, jina lilitajwa na kiasi kikasomwa, na watu wakapiga makofi. Hatukuuliza hata bahasha moja imetoka wapi. Vikapu vya sarafu vilipelekwa chumba cha nyuma, vikahesabiwa baada ya watu kuondoka, na hesabu yake haikutangazwa.

Jumapili iliyofuata nyanya mmoja alitungoja mlangoni. Alitushika mkono akasema, "Pasta, sina neno baya. Nauliza tu, zile zetu zilihesabiwa?"

Tulimjibu, "Ndiyo, nyanya, zilihesabiwa."

Akasema, "Ahsante. Maana hatukusikia." Akaenda zake polepole na mkongojo wake.

Hatukulala vizuri usiku ule. Tuliketi na wazee wa kanisa, tukakubaliana kwamba kuanzia siku ile tungetangaza jumla moja tu, ya vikapu na bahasha pamoja, bila jina la mtu. Tena tukakubaliana kwamba fedha ambayo watu wanajua imetoka katika dhuluma hatutaipokea. Bwana mmoja aliyekuwa ameahidi mabati hakuyaleta. Mvua za mwaka ule zilitukuta chini ya turubai, na wako walionung'unika kwamba pasta ameharibu. Mabati yalikuja kidogo kidogo, kwa muda wa miaka miwili. Hatusemi haya ili tujisifu, maana aliyetufundisha ni nyanya yule, na sisi tulichelewa kuelewa. Hivyo ndivyo Bwana wetu alivyoketi kuielekea hazina, akaihesabu shaba ya mjane kabla ya fedha ya matajiri.

Jambo la tatu ndilo kubwa. Neno la Kiyunani ambalo Bwana alilitumia kwa picha iliyo katika dinari ni eikon. Katika Agano la Kale la Kiyunani, neno hilo hilo limetumika katika Mwanzo 1, pale tunaposoma kwamba mtu aliumbwa kwa mfano wa Mungu. Basi jibu la Bwana lina pande mbili, kama sarafu. Chenye picha ya Kaisari na arudishiwe Kaisari: tulipe kodi bila hila. Lakini chenye picha ya Mungu ni cha Mungu. Na hicho ni wewe. Ni jirani yako pia, hata yule uliyemwona hana maana. Kaisari anaweza kudai sarafu yake, lakini hawezi kudai dhamiri yako, wala hawezi kumnunua wala kumwuza mtu aliyepigwa chapa na Muumba.

Uso wa Kaisari hufutika. Caligula alipouawa mwaka 41, watu walimchukia hata Baraza likaagiza shaba zenye uso wake ziyeyushwe. Na shaba iliyokaa ardhini hushika kutu ya kijani, hata usione kitu. Wale wanaozitunza katika majumba ya makumbusho hutuonya kwamba mtu akizisugua kwa haraka, au akizitia katika dawa kali, ataondoa kutu na uso pamoja. Zasafishwa pole pole, kwa subira, na chini ya kutu uso huonekana tena. Ndugu uliyechakaa, uliyepita katika mikono mingi migumu, usidhani kwamba chapa ya Mungu imefutika ndani yako. Muumba wako anaijua, naye ana subira. Nasi tulio viongozi tujihadhari tusiwasugue watu wa Mungu kwa ukali mpaka tukaharibu tulichotaka kukitengeneza.

Na tuombe.

Ee Bwana, uliyetuumba kwa mfano wako, utusamehe kwa kuwa tumeutazama uzito wa fedha tukasahau picha iliyo katika watu. Uwape watawala wetu haki, nasi utupe moyo wa kuwatii bila kuwaabudu. Uwakumbuke wenye shaba tu mikononi. Uisafishe sura yako ndani yetu, hata wote watuonapo wajue sisi ni wa nani. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Wapenzi wasikilizaji, irudisheni sasa ile sarafu mfukoni. Itakapotoka kesho kwenda dukani, ikumbukeni hesabu ya mjane. Mungu awabariki. Kwaherini mpaka juma lijalo.